Waya wa Katani

Kosa langu kubwa la mwanzo halikuwa kuunguza kitu. Kuunguza niliunguza, tena sana: swichi, taa, hata nyusi zangu mwenyewe. Mtu anayejifunza umeme wa magari bila mwalimu hulipa karo yake hivyo. Kosa ninalolisema ni jingine. Nilitengeneza waya mbovu, nikautengeneza vizuri mno, hata siku nilipoushika mkononi sikuutambua. Kwa ajili ya waya huo Hajji Juma wa Jinja alikaribia kumpoteza mke wake.

Nitafika huko. Lakini nyinyi vijana mnaoingia kazi hii mniache kwanza nilalamike, maana kazi nimeiacha na malalamiko ndiyo yamebaki.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: mnaitwa nyumbani kwa mtu, gari limekataa kuwaka, na kabla hamjamaliza salamu mmeshafungua boneti. Nilikuwa hivyo hivyo. Nikisikia stata, ile mota ya kuwashia injini, haizunguki, mikono ilikuwa ikiniwasha niishushe. Niliwahi kuishusha ya mwalimu mmoja kule Nabuyonga, Mbale. Niliimwaga vipande vipande juu ya gunia, nikaisugua, nikaipaka grisi, nikairudisha, jasho limefika kwenye viatu, na gari likakataa vilevile. Mke wa mwalimu alikuwa anapita na birika la maji ya moto. Akaniuliza ule unga mweupe juu ya betri ni wa nini. Ule unga ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Tukaumwagia maji yake, nikakaza nati, gari likawaka papo hapo. Mwalimu alicheka na kunipa chai.

Basi fanyeni hivi. Washeni taa kubwa, mmoja asimame mbele, mwingine azungushe ufunguo. Taa zikififia kama mshumaa unaokwisha, stata iacheni. Tazameni betri, vichwa vyake, na ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari. Taa zikibaki kali na stata ikinyamaza, tafuteni kwenye swichi na nyaya zake, na stata yenyewe iwe ya mwisho. Mkisikia ta-ta-ta-ta ya haraka haraka, betri imechoka. Mkimaliza kuzungusha, guseni vichwa vya betri kwa kidole: kilicho na moto kuliko mwenzake ndicho kinachozuia umeme kupita. Na stata ikizunguka vizuri lakini injini haishiki, hapo betri haina kosa. Chomoa waya wa plagi, ushike kwa kitambaa kikavu, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini bila kugusana, mwenzako azungushe. Cheche ya buluu inayolia ni afya. Ya njano ni homa. Isipoonekana cheche yoyote, vua shati, siku yote ni yako.

Yote hayo nilikuwa nayajua kabla ya ndevu. Nilichokuwa sina ni utulivu. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Nati niliyoikaza jana, leo asubuhi nilitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa mtu kuigusa tena, nikijidai napita tu. Waya nilioufunga kwa utepe, utepe ukipinda kidogo, niliufungua na kuufunga upya. Watu walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu. Sikuwa na cheti wala bwana aliyenifundisha, na kila gari lililowaka niliona limenisamehe tu.

Kisha vita vikatufikia Jinja, nilikokuwa nikiishi, na kazi ikapinduka kichwa chini. Watu walianza kuniita ili magari yao yasiwake.

Msishangae. Askari waliokuwa wanarudi nyuma walichukua kila gari lenye uhai. Lililowaka liliondoka, na mwenyewe akiwa na bahati alibaki. Kwa hiyo Jinja nzima ilijifunza kuua magari bila kuyazika. Betri zililala chini ya vitanda vya watu. Rota, kile kipande kidogo kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa moto kwa plagi, ilifichwa kwenye mtungi wa unga. Lakini askari si wajinga. Haukupita muda wakaanza kutembea na rota mifukoni, kama mtu anayetembea na tasbihi.

Hapo ndipo nilipobuni waya wangu. Kuna waya mnene unaotoka kwenye koili, inayozaa moto wa plagi, kwenda katikati ya distribyuta. Sisi tuliuita waya wa kati. Ukifa huo, hakuna plagi inayopata moto. Niliivuta shaba yote ya ndani, nikapitisha uzi wa katani mahali pake, na kila ncha nikaacha kipande kidogo cha shaba kinachong'aa. Kwa macho ni waya. Kwa umeme ni kamba ya kufungia mbuzi.

Ulijaribiwa kwa jirani yetu fundi cherehani, aliyekuwa na gari dogo. Askari walikuja, wakaweka rota yao, wakazungusha, kimya. Wakaniita. Mkubwa wao alikuwa mrefu, amechoka, macho mekundu.

"Wewe fundi. Hii gari iko na shida gani?"

"Afande, ni mgonjwa."

"Mgonjwa ya nini? Betri iko. Rota iko. Petroli iko."

"Koili imekufa, afande."

"Imekufa lini?"

"Zamani."

"Na wewe ulienda mazishi?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuchomoa waya wa kati kwa mkono wake, akatazama ncha ya huku, akatazama ncha ya huko, akaona shaba inamwangalia, akaurudisha. Wakaenda zao kwa miguu. Mimi nilikaa chini palepale barazani.

Baada ya hapo kila mtu alitaka waya wa katani. Za kwanza nilizitia alama: uzi mweusi chini ya mpira wa ncha, ili siku ya amani nijue upi ni upi. Lakini alama ile ilinisumbua. Niliiona kama doa kwenye kanzu. Nikawaza, askari mwenye jicho kali ataiona, na nikashindwa kulala mpaka nilipoiondoa. Za mwisho nilizipaka mafuta machafu na masizi, nikazikwaruza kwa tofali zionekane kuukuu, na alama sikuweka. Nilizigawa, waliozipata wakawagawia wengine, na mimi sikujua tena ziko kwa nani. Fundi mwenye akili angeiacha alama.

Vita vikapita. Magari yakaanza kutolewa mafichoni, na hapo ndipo nilipoanza kuchukia watu. Mnaelewa kilichotokea? Kila mtu katika nyumba alikuwa ameliua gari kivyake, kwa siri, bila kumwambia mwenzake. Baba ametoa rota. Mama amekata waya. Mjomba ameingiza karatasi kwenye pointi za distribyuta kisha amekimbilia Busia. Ninafika, nauliza: nani aligusa gari hili? Hakuna, fundi. Hakuna hata mmoja. Wananitazama machoni.

Hajji Juma alikuwa muuza nguo kwenye barabara kuu, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, na gari lake, pijo, nyuma ya nyumba, juu ya mawe, limefunikwa majani makavu ya migomba. Mke wake, Mama Safina, alikuwa mtu wa Mbale. Mapigano yalipokaribia aliwachukua watoto akaenda kwa ndugu zake Wanale, chini ya mlima. Hajji alibaki kulinda duka, akamwahidi kwamba barabara ikifunguka atakuja na gari kuwachukua. Barabara ikafunguka. Miezi ikaenda. Hajji hakuonekana.

Siku moja nikiwa nimeinama ndani ya boneti akaingia Shaban, kaka wa Mama Safina, ametoka Mbale.

"Asalam aleikum, shemeji. Dada anauliza kama gari limeota miguu."

"Linakataa, Shaban. Muulize fundi huyu."

Shaban akanitazama toka juu hadi chini. "Fundi gani anakaa juu ya gari moja kama anaatamia mayai?" Kisha akageuka, na mzaha ukamtoka usoni. "Wazee wamesema watakaa Ijumaa hii baada ya swala. Wewe usipofika, tutajua umemwacha. Atabaki kwetu na watoto wake, na mimi nitakuja tena kuchukua vyombo vyake."

Alipoondoka Hajji alikaa juu ya tairi akiwa ameshika kofia yake mkononi. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba malori yapo, anaweza kwenda hata kesho.

"Niliahidi gari, Isa mwanangu. Nikifika juu ya lori la watu, katikati ya magunia, wakwe zangu watasema vita vimenimaliza. Liwashe tu."

Liwashe tu. Kama vile nilikuwa nimelizuia kwa roho mbaya.

Mnijue nilivyohangaika. Rota aliitoa kwenye debe la mchele, yeye ndiye aliyeificha. Nikaiweka. Nikawasha swichi, hakuna hata taa. Nikafungua kisanduku cha fyuzi, kitupu. Nikamuuliza Hajji, akaapa hajui. Nikakaa nusu siku nikitafuta fyuzi mjini, na fyuzi wakati ule zilikuwa adimu kuliko sukari, mpaka Bibi, mama yake Hajji, aliyekuwa anakaa pale mlangoni muda wote, akafungua pindo la kanga yake na kuniwekea fyuzi zote kiganjani.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Kila siku unakuja hapa, unalisalimia gari, mimi hunisalimii."

Taa zikawaka. Stata ikazunguka vizuri. Cheche hakuna. Nikasafisha pointi, nikabadilisha kondensa. Cheche hakuna. Nikasema koili, nikaenda kutoa nyingine kwenye mzoga wa lori ulioungua kando ya barabara ya Iganga, nikaifunga. Hakuna. Nikabadilisha waya wa swichi wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna. Na waya wa kati? Niliuchomoa mara nyingi tu. Nilitazama ncha, shaba inang'aa. Niliupangusa kwa kitambaa, nikaurudisha kwa upole, nikisema moyoni huu angalau ni mzima. Nilikuwa na taa ya kujaribia mfukoni. Kuuweka waya ule kati ya betri na taa kungechukua muda wa kupiga chafya. Sikufanya, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba kazi yangu mwenyewe ningeijua hata gizani.

Jumatano nilikuwa nimekaa kando ya barabara, mikono meusi, nikimlalamikia Barasa. Barasa alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya, analeta chumvi na sabuni hadi Jinja kupitia Mbale, Mkristo mnene mwenye kofia ya sufu hata juani. Alinisikiliza akila karanga.

"Umewauliza watu wa nyumba?"

"Wote. Hajji na mama yake."

"Na mke?"

"Mke yuko Mbale."

"Kwani Mbale watu hawana midomo?"

Barasa akainuka. Akanirushia mkoba wangu nyuma ya lori. Njia nzima, kizuizi baada ya kizuizi, nilijitayarisha kwenda kuomba msamaha. Sikudhani mwanamke anajua lolote. Huo ndio ukweli wangu, vijana. Nilidhani nitamweleza kwamba anayeshindwa ni mimi wala si mumewe, labda wazee wataahirisha.

Nilimkuta Wanale, ameketi kwenye jamvi mbele ya nyumba ya kaka yake, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Karibu fundi. Gari limekutuma?"

Nikamwambia yote. Kwamba Hajji hajamwacha. Kwamba anakaa juu ya tairi kama mfiwa. Kwamba mjinga ni mimi.

"Umebadilisha nini?"

Nikamtajia.

"Na waya wa kati?"

"Ule ni mzima, Mama Safina. Nimeutazama."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitambaa. Ndani yake kulikuwa na waya wa kati wa pijo, uliopinda bado kwa umbo la injini.

"Ule ulio kwenye gari alinipa mke wa fundi cherehani," akasema. "Anasema uliutengeneza wewe. Unajua kazi."

Sijawahi kusifiwa nikaumia hivyo.

"Kwa nini hukumwambia Hajji?"

"Wangempiga, angesema. Hajji havumilii hata jino. Asichokijua hawezi kukitaja."

"Na vita vilipokwisha?"

Akarudi kukaa. Akachukua harage bovu, akalitupa kwa kuku. "Nilingoja aniulize. Mwanzoni nilijua ataniuliza kesho. Amekuuliza wewe. Amemuuliza mama yake. Alimwomba hata Shaban amtafutie koili. Mimi ndiye niliyekaa siti ya mbele ya gari lile miaka yote, na hajatuma hata mtoto aje aseme, Mama Safina, unajua kitu? Nikasema basi. Mtu anayetaka gari liwake huuliza wote. Huyu hataki liwake."

Nilinyoosha mkono. Akaufunika waya kwa kitambaa.

"Huu si wako. Mwenyewe aje auombe."

Nilirudi Jinja alfajiri ya Alhamisi na Barasa, aliyekuwa amepakia chumvi nyingine Mbale. Nilimkuta Hajji dukani, nikamweleza kila neno, na nikamwambia habari njema ya kifundi: sasa ninajua ugonjwa, ninao waya mwingine nyumbani, kabla ya adhuhuri gari litakuwa linanguruma, kesho ataingia Mbale na pijo lake kabla ya swala, ahadi imetimia na wakwe wamefunga midomo. Nilikuwa nimeshanyanyuka.

"Kaa," akasema Hajji. "Alisema aje nani?"

"Wewe."

"Na gari?"

"Gari hakulitaja."

Alikunja kitambaa alichokuwa anakipima, akakikunjua, akakikunja tena. Nilitaka kupiga kelele. Gari nimelihangaikia mpaka nimekonda, dawa iko mkononi, na mwenye gari anakunja kitambaa.

"Usiguse waya ule," akasema. "Barasa anarudi Mbale lini?"

Ijumaa asubuhi alipanda lori, kanzu nyeupe, katikati ya magunia matupu ya chumvi. Nilimsaidia kupanda.

Yaliyotokea huko alinisimulia Barasa, aliyejifanya ana pancha ili asikose. Wazee walikuwa wameshakaa. Hajji aliingia uani na kanzu imekuwa rangi ya udongo, nyusi zimejaa vumbi. Shaban akasimama.

"Gari liko wapi, shemeji?"

"Liko Jinja. Halina moto."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kusema kwamba basi mambo yako wazi. Hajji akawapita wote, akaenda mpaka alipokuwa mke wake, mlangoni, na mbele ya wakwe zake akamuuliza kama mtu anayemuuliza fundi.

"Mama Safina, gari limekataa kuwaka. Nimeshindwa. Wewe unajua kwa nini?"

"Najua," akasema.

Barasa anasema hapo wazee waliitisha chakula, kwa sababu hakukuwa na kesi tena.

Walirudi Jinja juu ya lori lile lile, wao na watoto na vyombo. Mama Safina hakuingia ndani kwanza. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akafungua boneti, akachomoa katani yangu, akauchomeka waya wake, ncha zote mbili, akazikandamiza kwa kidole gumba inavyotakiwa. Hajji akazungusha ufunguo. Betri ilikuwa hoi kwa sababu ya siku zote nilizoizungusha, kwa hiyo tukalishusha kwenye mawe, tukalisukuma: mimi, Barasa, fundi cherehani na mke wake. Lilishika mbele ya duka, likatoa moshi mweusi, likatulia. Nilikaa ndani ya gari nikisikiliza injini, na mwenye gari na mkewe walikuwa wameshaingia nyumbani.

Ule wa katani Mama Safina aliniachia juu ya boneti. Niliuchana kwa wembe nikauona uzi. Kazi safi. Nikautia jikoni ukaungua.

Tangu hapo nilifanya kazi miaka mingi, Jinja na Mbale, na kila nyumba niliyoitwa niliwauliza waliomo wote na waliohama, kisha ndipo nikashika spana. Wengi waliniona mbea. Sasa Jinja imejaa magari ambayo hakuna aliyewahi kuyaficha. Nyinyi mnachomeka mashine chini ya usukani, inawaandikia ugonjwa, na mara nyingi inasema kweli. Siku hizi gari likikataa kuwaka ni kwa sababu limeharibika.